Wasomaji Wauliza: Nairobi hadi New York, kilomita ngapi na saa ngapi?

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways iliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018. Tulisema ni takriban kilomita 11,840 na kwamba huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Hatukujua kama tumechokoza nyuki. Barua zilizofuata zimetujazia kikapu, na safari hii ukurasa wote tumeuachia swali hilo moja na watoto wake.

*

Mhariri, nimetafuta umbali wa kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy (JFK) nikapata namba tatu: 11,840, 7,355 na 6,390. Nani anadanganya? – Msomaji, Kisauni, Mombasa

Hakuna anayedanganya, ila wamesahau kuandika kipimo. Namba ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni maili za nchi kavu, ambazo moja ni kilomita 1.609. Ya tatu ni maili za baharini, kilomita 1.852 kila moja, na hizo ndizo marubani na manahodha wanazofanyia kazi. Hawakuzichagua kwa ukaidi. Gawa mzingo wa dunia kwa digrii 360, kisha kila digrii uigawe kwa 60, kipande utakachopata ni maili moja ya baharini. Kwa hiyo ukishajua pembe kati ya viwanja viwili, ikipimwa kutoka kitovu cha dunia, zidisha kwa 60 na umbali unao.

Pembe hiyo unaweza kuitafuta mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Andika mahali vilipo viwanja: Nairobi latitudo −1.32, longitudo 36.93, New York latitudo 40.64, longitudo −73.78. Kusini mwa ikweta ni hasi, magharibi mwa Greenwich ni hasi. Tofauti ya longitudo ni 36.93 jumlisha 73.78, yaani 110.71.

Sasa zidisha saini (kitufe cha sin) za latitudo mbili: −0.0230 mara 0.6513, unapata −0.0150. Zidisha kosaini zake (kitufe cha cos), kisha na kosaini ya ile tofauti: 0.9997 mara 0.7588 mara −0.3536, unapata −0.2682. Jumlisha hayo mawili: −0.2832. Bonyeza kosaini ya kinyume (kwenye simu nyingi inabidi uilaze simu ndipo kitufe chake kionekane) na jibu litakuwa digrii 106.45. Zidisha kwa 111.19, ambazo ni kilomita za digrii moja, na utapata kama 11,836. Tofauti ya kilomita chache na namba uliyoikuta kwingine isikusumbue: sisi tumeihesabu dunia kama mpira kamili, na kumbe imebonyea kidogo kwenye ncha na kuvimba kiunoni.

Makosa tunayoyaona kwenye barua ni matatu. La kwanza, kikokotoo kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii. Hapo jibu huwa upuuzi mtupu na mtu huligundua mara moja. La pili ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele: kusahau alama ya hasi ya Nairobi. Utapata takriban 11,640, namba inayofanana na ukweli lakini imepungukiwa na kilomita 200. La tatu ni kusahau hasi ya longitudo ya New York. Hapo safari inakuwa kilomita 5,970 tu, na ndege yako inashukia milimani Kyrgyzstan, si mbali na mji wa Osh.

*

Nafundisha jiografia. Wanafunzi wangu waliona kwenye ramani ya abiria kwamba ndege iendayo New York inapitia Algeria na Morocco. Wanauliza mbona inazunguka kaskazini badala ya kukata moja kwa moja. – Mwalimu, Musoma

Mwalimu, anayezunguka si rubani, ni ramani. Ramani ya ukutani imetandaza ganda la chungwa mezani, na ili ganda likae bapa limevutwa sehemu za kaskazini na kusini. Mstari ulionyooka kwa rula kwenye ramani hiyo unapita kaskazini mwa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Cameroon, Nigeria, Mali na Mauritania, kisha baharini. Ukiupima kweli una karibu kilomita 12,190. Njia inayoonekana imepinda ina 11,840. Hizo kilomita 350 zilizookolewa ni kama dakika 25 za kuruka.

Waonyeshe kwa uzi. Chukua tufe la darasani, uzi mwembamba usiovutika, na rula. Mtoto mmoja abane uzi juu ya Nairobi kwa kucha, wa pili auvute mpaka New York na aukaze kabisa, kisha augongegonge pembeni ili usikwame kwenye karatasi. Uzi ukikazwa hutafuta wenyewe njia fupi, na wataona ukipanda kaskazini-magharibi bila kuambiwa. Tufe la kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa sentimita 94 na kidogo, hivyo sentimita moja ni kama kilomita 425. Uzi wao utakuwa na urefu wa sentimita 28 hivi. Wakipata 29 au 30, uzi ulilegea au kucha ilisogea.

Uzi huo, ukiufuata kwa jicho, unatoka Nairobi na kupita kaskazini mwa Uganda karibu na Lira, unaingia Sudan Kusini na kupita jirani na Raga, unagusa kona ambako Sudan inakutana na Jamhuri ya Afrika ya Kati, halafu Chad, kaskazini mwa Niger, jangwa la Algeria, na kutokea bahari ya Atlantiki kwenye pwani ya Morocco, karibu na mji wa Safi. Kutoka Nairobi hadi hapo ni zaidi ya kilomita 6,100. Yaani nusu ya safari ya kwenda Marekani, na ziada kidogo, ni Afrika tupu! Baada ya hapo ni maji, na visiwa vya Azores viko karibu theluthi ya njia ya maji hayo kutoka Morocco.

Ndege halisi haifuati uzi hatua kwa hatua. Kuna kona za kupaa na kutua, mawingu ya radi ya kukwepa, na mipaka ya anga. Mapigano yalipozuka Sudan Aprili 2023 anga yake ilifungwa, na Agosti mwaka huohuo Niger nayo ilifunga ya kwake kwa takriban mwezi mzima baada ya mapinduzi ya Julai. Siku kama hizo njia inapinda kwelikweli, na safari hii si kosa la ramani.

*

Tiketi ya kaka yangu inaonyesha anaondoka Nairobi 23:25 na kufika 06:25. Ya kurudi inaondoka 12:25 na kufika 10:25. Kwenda saa 7, kurudi saa 22? – Msomaji, Eldoret

Kila saa iliyochapishwa kwenye tiketi ni saa ya mahali penyewe. Saa ya kuondoka ni ya ukutani Nairobi, ya kufika ni ya ukutani New York. Huwezi kutoa moja kutoka nyingine kabla ya kuzileta kwenye saa moja.

Tufanye hesabu ya kaka yako. Anaondoka saa 5:25 usiku. Ongeza saa 15: Nairobi itakuwa saa 8:25 mchana wa siku ya pili. Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo kule ni saa 12:25 asubuhi, ndiyo hiyo 06:25. Kurudi anaondoka New York saa 6:25 mchana, wakati Nairobi ni saa 2:25 usiku. Ongeza saa 14, unapata saa 4:25 asubuhi ya kesho yake. Basi alikaa saa 15 na 14, si 7 na 22.

Tofauti ya saa 8 haidumu mwaka mzima. Marekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kati ya tarehe hizo tofauti ni saa 7. Sisi hatusogezi chochote. Atakayempokea uwanjani na afanye hesabu yake kwa tarehe ya safari, si kwa tarehe aliyonunulia tiketi.

*

Kwa nini kwenda ni kurefu kuliko kurudi, na njia ni ileile? – Nahodha wa jahazi, Lamu

Nahodha, jibu unalijua kuliko sisi: kwenda ni upepo wa mbisho, unaovuma kutoka mbele.

Juu, kati ya kilomita 9 na 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki. Karibu na ikweta huku kwetu haina nguvu, na ndege ya safari hii, Boeing 787, inavuka Uganda na Chad bila kuhangaika sana. Ikishaingia Atlantiki, kuanzia latitudo ya Morocco na kupanda, ndipo inapokutana nayo uso kwa uso. Majira ya baridi ya kaskazini, Desemba hadi Februari, mkondo wa huko unaweza kupita kilomita 200 kwa saa.

Chukua kasi ya ndege kuwa kilomita 900 kwa saa. Hewa ingetulia, kilomita 11,840 zingechukua saa 13 na dakika 9. Weka upepo wa mbele wa wastani wa kilomita 60 njia nzima: kasi juu ya ardhi inabaki 840, na safari inakuwa saa 14 na dakika 6. Ugeuze upepo uwe wa nyuma: 960, na saa 12 na dakika 20. Ona jambo moja: upepo uleule umekula dakika 57 ukienda na kurudisha 49 tu. Ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo mbaya kuliko ndani ya mzuri, kwa hiyo deni halilipwi lote. Jahazi nalo ni hivyohivyo.

Mbona basi ratiba inasema 15 na 14, si 14 na 12? Kwa sababu ratiba haihesabu muda wa angani peke yake. Inaanza pale vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa na ndege kusukumwa kutoka kwenye maegesho, na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Katikati yake kuna kutembea ardhini, foleni ya kupaa (JFK alasiri foleni yake si mchezo), mwendo mdogo wakati wa kupanda na kushuka, na dakika za akiba. Ndiyo maana abiria anasikia rubani akitangaza saa 13 za kuruka ilhali tiketi inasema 14, akadhani amepewa njia ya mkato.

*

Injini mbili tu, na bahari yote ile. Moja ikizima katikati? – Msomaji, Kitale

Ndege ya aina hii huruka kwa injini moja, ila chini zaidi na polepole zaidi. Sheria haiwaruhusu kupanga njia popote wapendapo: kila nukta ya njia lazima iwe ndani ya muda uliowekwa wa kufika uwanja unaofaa kwa injini moja. Tazama tena ule uzi wa Mwalimu wa Musoma. Unapita juu ya Azores, na kisiwani Terceira kuna uwanja wa Lajes wenye njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita 3. Kabla ya safari, wapanga safari huangalia hali ya hewa ya viwanja hivyo vya dharura kama wanavyoangalia ya New York yenyewe. Pakifunga ukungu, njia huchorwa upya kabla abiria hawajaitwa kupanda.

*

Ndege hiyo hubeba mafuta kiasi gani? Na ni kweli Nairobi ni mahali pagumu pa kupaa? – Fundi wa magari, Thika

Hapa ndipo penye utamu wa somo lote, tukae kidogo.

Boeing 787-8 hutumia takriban tani 5 za mafuta kwa saa, zaidi mwanzoni ikiwa nzito, pungufu mwishoni. Saa 14 ni tani 70. Juu yake huwekwa akiba ya mabadiliko ya njiani, kwa kawaida asilimia 5, yaani tani 3 na nusu. Halafu mafuta ya kuondoka New York na kwenda uwanja mbadala kama JFK imefungwa, tuseme tani 3 au 4. Mwisho kabisa mafuta ya kuzunguka angani dakika 30, ambayo hayaguswi ila kwa dharura. Ukijumlisha unakaribia tani 80. Mafuta ya ndege ni mepesi kuliko maji, lita moja ni kama kilo 0.8, hivyo tani 80 ni lita 100,000.

Matangi yana nafasi ya lita 126,000 hivi. Basi tangi si tatizo. Tatizo ni uzito.

Uzito wa juu kabisa wa kupaa wa ndege hii ni karibu tani 228. Ndege yenyewe ikiwa na viti, wahudumu na vyombo vyake ni takriban tani 120. Ongeza mafuta tani 80, unafika 200. Zimebaki 28. Kenya Airways wameweka viti 234. Mpe kila abiria kilo 100 pamoja na mizigo yake, ni tani 23 na ushei. Zimebaki tani nne na kitu kwa shehena, na hiyo ni kwa mahali ambapo unaruhusiwa kufika huo uzito wa juu.

Nairobi mara nyingi hauruhusiwi. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya pale ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Wewe fundi unajua injini ya gari inavyolegea ukipanda Limuru. Ya ndege nayo hulegea, na isitoshe bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili lishike hewa hiyo: kasi ya kuinuka juu ya ardhi inazidi ya pwani kwa asilimia 8 hivi. Mwendo mkubwa maana yake njia ndefu zaidi ya kukimbilia, matairi yanayokaribia kikomo cha kasi yake, na breki zenye kazi kubwa zaidi ikiwa rubani ataamua kusimama dakika ya mwisho. Njia ya kurukia ya Jomo Kenyatta ina zaidi ya kilomita 4 na inasaidia, lakini haimalizi tatizo. Saa sita mchana jua likiwaka, hewa huwa nyepesi zaidi. Usiku imepoa, ni nzito kidogo, na kila digrii ya baridi inarudisha kilo kadhaa za mzigo. Kuondoka karibu na saa sita za usiku si kwa ajili ya usingizi wa abiria peke yake.

Kurudi mambo yanageuka. JFK iko karibu kabisa na usawa wa bahari, mita 4 tu, na upepo uko nyuma.

Ukisikia basi kwamba sanduku limeachwa Nairobi na litafuata kesho, mara nyingine si uzembe wa mpakiaji. Upepo wa mbele umeongezeka, mafuta yameongezwa, na kitu fulani kilibidi kishuke.

*

Natoka Dar es Salaam. Nipitie Nairobi, Doha au Amsterdam? Ipi fupi? – Msomaji, Tabata

Kwa kilomita hakuna ubishi. Uzi uliokazwa kutoka Dar hadi JFK ni takriban kilomita 12,440. Ukipitia Nairobi unapata 668 na 11,840, jumla kama 12,510. Umepotea kilomita 70 tu, kwa sababu Nairobi iko karibu kabisa juu ya njia yenyewe. Kupitia Amsterdam ni 7,345 na 5,850, jumla kama 13,200. Kupitia Doha ni 3,820 na 10,770, jumla karibu 14,590, zaidi ya kilomita 2,000 za ziada, maana unaanza kwa kwenda mashariki ili ufike magharibi.

Kwa saa, kinachoamua ni muda wa kusubiri. Saa sita za kukaa kwenye benchi Nairobi zinafuta faida yote ya njia fupi. Kabla ya kulipa, chukua saa ya kuondoka Dar, chukua saa ya kufika New York, uiongeze 7 au 8 kulingana na msimu, kisha utoe. Jibu hilo moja linganisha baina ya tiketi. Usidanganyike na maandishi "kituo kimoja tu". Na hakikisha safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja: ukinunua vipande viwili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri, na hasara ni yako.

*

Mama yangu ana miaka 71, ana kisukari na miguu huvimba. Ni mara yake ya kwanza kuruka. Tiketi inasema 00:40, tarehe 12. Tumtayarishe vipi? – Binti, Zanzibar

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wengi wanapoachwa na ndege. 00:40 ya tarehe 12 ni saa 6:40 ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Maana yake mama awe uwanjani tarehe 11, saa 3 na nusu usiku, na ameshakula chakula chake cha jioni. Kwa hesabu ya Kizungu siku imegeuka saa sita usiku; kwa hesabu yetu ya pwani imegeuka tangu magharibi, na wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wanaweza kuwa na maana ya Alhamisi baada ya jua kuzama. Katika nyumba moja unaweza kupata watu watatu wenye usiku watatu tofauti. Mwandikieni mama kwenye karatasi: "Kutoka nyumbani: tarehe 11, Jumanne, saa kumi na mbili jioni", au siku na saa yoyote itakayokuwa, bila kutaja 00:40 kabisa.

Dawa zisiingie kwenye sanduku kubwa. Ziwe mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari, na za siku kadhaa za ziada. Insulini ikipelekwa sehemu ya mizigo inaweza kuganda na kuharibika. Kuhusu dozi: siku ya kwenda magharibi ni ndefu, ina saa 31 au 32 badala ya 24, kwa hiyo ratiba ya sindano hubadilika. Daktari wake ndiye wa kuipanga, wiki mbili kabla na si usiku wa safari. Apewe saa za kuondoka na kufika kwa maandishi. Saa ya mkononi ya mama iachwe kwenye saa ya nyumbani mpaka atue, ili asichanganye.

Miguu: soksi za kubana zinazofika chini ya goti, zivaliwe nyumbani asubuhi kabla miguu haijavimba, uliza kwanza kwa daktari kama mishipa yake inaziruhusu. Kiti cha kando ya njia. Kila saa moja au mbili asimame, atembee hadi jikoni kwa wahudumu na kurudi. Akiwa ameketi azungushe vifundo vya miguu. Anywe maji kidogo kidogo, kwa sababu hewa ya ndani ni kavu sana. Shinikizo la hewa ndani ya 787 halishuki chini ya lile la mahali palipo mita 1,830 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Nakuru hiyo ni nyumbani. Mama aliyezaliwa kando ya bahari anaweza kuhisi uchovu na kichwa kuuma kidogo. Akihisi kifua kubana au mguu mmoja ukiuma na kuvimba kuliko mwenzake, asione haya, amwite mhudumu hapohapo.

Mwombeeni kiti cha magurudumu mnaponunua tiketi, hata kama anatembea vizuri. Korido za JFK ni ndefu, na foleni ya uhamiaji ni ya kusimama.

*

Nikifika JFK naendelea Minneapolis. Dakika 90 zinatosha kuunganisha? – Msomaji, Kisii

Hazitoshi. Kiwanja cha kwanza unachokanyaga Marekani ndicho unachopitia uhamiaji, hata kama mji wako ni mwingine. Utapanga foleni ya pasipoti, utachukua masanduku yako mwenyewe kwenye mkanda, utapita forodha, utayakabidhi upya hata kama yameandikwa Minneapolis tangu Nairobi, kisha utapita tena ukaguzi wa usalama na pengine upande treni ya uwanjani, isiyolipishwa kati ya majengo, kwenda jengo jingine. Weka saa 3 kwa uchache. 4 ukiwa na watoto. Na soma herufi tatu za uwanja: JFK, LGA (LaGuardia) na EWR zote huuzwa kwa jina la New York. Ikiwa kipande cha pili kinaanzia EWR, hiyo ni Newark, ng'ambo ya mji mzima ndani ya New Jersey, na barabara ikijaa magari saa mbili zinaweza kuishia njiani kabla hujaiona.